Aibu Haijawahi Kuwa Dawa

Wanaojiandaa kututibu hujifunza pia, bila kukusudia, kuwadharau wagonjwa wanene. Vyuo vya afya vina wajibu wa kulikatiza somo hilo.

Wanafunzi 182 wa fani ya lishe nchini Marekani walikabidhiwa maelezo ya mgonjwa wayasome, kisha waseme wanamwonaje. Je, anakula vizuri? Afya yake ikoje? Akipewa ushauri, ataufuata? Kila mwanafunzi alipewa mgonjwa mmoja. Wasichokijua ni kwamba maelezo yalikuwa yaleyale kwa wote, isipokuwa jinsia na uzito wa mgonjwa. Hata hivyo, mgonjwa aliyeandikwa kuwa mnene alionekana anakula vibaya zaidi, ana afya duni zaidi, na si mtu wa kushika masharti. Mlo uleule uliosifiwa kwa mtu mwembamba ulitiliwa shaka kwa mtu mnene.

Utafiti huo, ulioongozwa na Rebecca Puhl akiwa Chuo Kikuu cha Yale, ulichapishwa mwaka 2009. Kila mwalimu wa chuo cha afya anapaswa kuusoma, kwa sababu waliopimwa walikuwa vijana waliochagua wenyewe kazi ya kuwasaidia watu wale vizuri. Ikiwa hukumu yao ilipinda mbele ya karatasi tu, itakuwaje siku mgonjwa mwenyewe atakapovua viatu na kupanda kwenye mizani mbele yao?

Unyanyapaa wa uzito ni kumhesabu mtu mnene kuwa mvivu, mlafi au mzembe kabla hajafungua kinywa, kisha kumtendea kulingana na hukumu hiyo. Upo sokoni, upo kwenye daladala, upo harusini. Lakini ukiingia chumba cha daktari unakuwa hatari ya aina nyingine, kwa sababu pale ndipo mtu hupeleka mwili wake akiwa hana pengine pa kuupeleka. Unyanyapaa huu hufundishwa, na aghalabu anayeufundisha hajui kwamba anafundisha. Kwa kuwa unafundishwa, unaweza pia kufundishwa kinyume chake.

Dharau ya wazi na dharau iliyojificha

Mwaka 2014 Sean Phelan na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti mkubwa: wanafunzi 4,732 wa mwaka wa kwanza wa udaktari, kutoka vyuo 49 vya Marekani. Walipimwa kwa njia mbili. Kwanza waliulizwa waziwazi wana hisia gani juu ya watu wanene. Kisha wakafanya jaribio la kompyuta ambalo mtu hubonyeza vitufe upesi, akioanisha picha za watu na maneno mema au mabaya. Kasi ya vidole hufichua kile ambacho ulimi ungekificha.

Asilimia 74 walikutwa na dharau iliyojificha. Asilimia 67 waliikiri waziwazi. Dharau hiyo ya wazi ilizidi ile waliyokuwa nayo kwa watu wa rangi zilizo chache katika jamii yao, na hata kwa maskini. Kijana wa kizazi hiki anajua kwamba kumsema mtu vibaya kwa rangi yake ni aibu. Kumsema kwa unene wake bado anaona ni ruhusa.

Uingereza nako hali haikuwa tofauti. Mwaka 2013 Judy Swift na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nottingham waliwachunguza wanafunzi 1,130 wa udaktari, uuguzi, na fani mbili za lishe. Waliokuwa na mtazamo mzuri, au angalau usioegemea upande wowote, kuhusu watu wanene walikuwa asilimia 1.4. Katika darasa la wanafunzi mia moja, hao ni mmoja au wawili.

Mwaka huohuo utafiti mwingine wa Marekani uliwapima wanafunzi 310 wa mwaka wa tatu wa udaktari. Asilimia 39 walikuwa na dharau iliyojificha dhidi ya wanene, na theluthi mbili ya hao hawakujua kabisa kuwa wanayo. Asilimia 17 walikuwa na dharau iliyoelekea upande wa pili, kwa watu wembamba. Mtu asiyejua kwamba ana homa hatafuti dawa. Ndivyo alivyo daktari asiyejua kwamba amepinda.

Darasa lisilo kwenye ratiba

Wanafunzi hawa hawazaliwi na dharau hiyo, na sehemu kubwa yake wanaingia nayo chuoni wakiwa wameichota nyumbani, shuleni na kwenye runinga. Kinachouma ni kile ambacho chuo huiongezea.

Phelan na wenzake waliwafuatilia wanafunzi wao hadi walipokaribia kuhitimu, na mwaka 2015 wakatoa taarifa. Dharau iliyojificha ilikuwa imepungua kwa wastani, lakini ile ya wazi ilikuwa imeongezeka. Iliongezeka zaidi kwa wanafunzi waliokuwa wamewasikia walimu wao wakiwasema vibaya wagonjwa wanene, au wamewaona wakiwabagua. Waliokuwa wamekutana kwa wema na wagonjwa wa namna hiyo walikuwa afadhali.

Mtu yeyote aliyewahi kulala hospitali ya kufundishia anaujua msafara wa raundi ya asubuhi. Daktari bingwa anatangulia, wanafuata madaktari wanaosomea ubingwa, kisha walio kwenye mafunzo kwa vitendo, na mkiani wanafunzi wenye makoti meupe yaliyopigwa pasi. Bingwa akisimama kitandani, wote wanasimama. Akicheka, wote wanacheka. Akisema mgonjwa huyu hata mshipa hauonekani kwa mafuta, mwanafunzi anayetegemea alama za bingwa huyo hana ujasiri wa kukunja uso. Anacheka kidogo, na mwaka ujao yeye ndiye atakayesema. Delese Wear na wenzake walipowauliza wanafunzi wa udaktari kuhusu mizaha ya hospitalini, katika makala waliyoichapisha mwaka 2006, wagonjwa wanene walijitokeza kuwa shabaha kuu ya mizaha hiyo. Mzaha mwingine husemwa chumba cha upasuaji, mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi na hawezi kujitetea.

Hakuna mtaala ulioandika somo hilo wala mtihani unaolipima. Lakini hushika kuliko mihadhara mingi, kwa sababu linafundishwa na mtu ambaye mwanafunzi anatamani kuwa kama yeye.

Mwanafunzi aliye juu ya mizani

Tunapowazungumzia wanafunzi wa afya kama wenye kuhukumu, tunawasahau waliomo miongoni mwao wanaohukumiwa. Chuoni wamo wanene, wamo wembamba mno, wamo ambao miili yao imebadilika kwa ujauzito, kwa dawa, au kwa msongo wa masomo yenyewe.

Somo la vitendo la vipimo vya lishe hufanyika kwa wanafunzi kupimana: uzito, urefu, mzunguko wa kiuno, unene wa mkunjo wa ngozi ya mkono. Namba zinasomwa kwa sauti, zinaandikwa, na wakati mwingine zinapigiwa hesabu ubaoni mbele ya darasa zima. Kwa mwenye mwili wa wastani hilo ni zoezi tu. Kwa binti anayeitwa bonge tangu shule ya msingi, au kijana anayeitwa kimbaumbau, ni kuvuliwa nguo hadharani. Wenzake watasahau hesabu ile ifikapo jioni, naye ataibeba hadi mahafali.

Kisha lipo sharti lisilosemwa kwamba mwili wa mtaalamu wa afya ni cheti chake cha pili. Nani atamsikiliza mtaalamu wa lishe mwenye kitambi? Swali hilo huulizwa kwa kicheko, lakini humfikia mwanafunzi kama hukumu. Wapo wanaoitikia kwa kuruka milo, wapo wanaojificha kula, na wapo wanaoacha kabisa kujitokeza mbele ya darasa. Taaluma inayowapoteza vijana wenye huruma kwa sababu ya ukubwa wa sare zao inajinyang'anya watu ambao wangewaelewa wagonjwa kuliko wote.

Yaliyomo mwilini

Dharau hii imesimama juu ya imani moja, kwamba unene ni suala la nia: mtu akitaka, atapungua, asipopungua, hakutaka. Sayansi imekuwa ikiibomoa imani hiyo kwa muda mrefu.

Mwaka 1986 Albert Stunkard na wenzake walitumia kumbukumbu za watu wazima 540 wa Denmark waliolelewa na wazazi wasiowazaa. Miili ya watu hao ilifuata ya wazazi waliowazaa, ikawa haina uhusiano na ya wazazi waliowalea na kuwalisha. Mwaka 1990 Stunkard akawachunguza mapacha wa kufanana, zikiwemo jozi 93 za waliolelewa wakiwa wametenganishwa. Ingawa walikula vyungu tofauti, uzito wao ulikaribiana sana. Mwaka 1994 maabara ya Jeffrey Friedman, katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, iligundua leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili na kuupa ubongo taarifa ya akiba iliyopo. Ikabainika kwamba mafuta si mzigo uliolala tu. Yanazungumza na ubongo, na ubongo unayajibu.

Tena jibu hilo ni kali. Mwaka 2016 Kevin Hall na wenzake walichapisha taarifa za washiriki 14 wa shindano la televisheni la Marekani la kupunguza uzito. Miaka sita baada ya shindano, wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo walizopoteza. Miili yao ikiwa imepumzika ilikuwa ikiunguza takribani kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Miili ilikuwa bado inapigania kurudi ilikotoka. Mtu wa namna hiyo akiambiwa hana nia, anaongezewa jeraha.

Hilo halifuti ukweli mwingine. Uzito uliozidi na kiribatumbo, yaani unene wa kupindukia, huongeza hatari ya kisukari, shinikizo la damu, maumivu ya magoti na baadhi ya saratani. Mazingira nayo yana mkono: bei ya vyakula, soda iliyo rahisi kupatikana kuliko maji salama, kazi za kukaa kutwa, miji isiyo na njia za kutembea kwa miguu. Daktari ana haki na wajibu wa kuzungumza na mgonjwa kuhusu uzito, na jinsi atakavyoanza mazungumzo hayo ndiyo itakayoamua kama mgonjwa atarudi.

Gharama ya aibu

Wapo wanaoamini kwamba kumwaibisha mtu kidogo kunamsaidia kuamka. Watafiti wa University College London waliipima imani hiyo. Waliwafuatilia watu wazima 2,944 wa Uingereza kwa miaka minne, wakachapisha matokeo mwaka 2014. Waliosema wamebaguliwa kwa uzito waliongezeka kilo 0.95 kwa wastani. Wasiobaguliwa walipungua kilo 0.71. Mwaka 2015 watafiti wengine, wakitumia takwimu za Wamarekani wa makundi mawili makubwa, walikuta kwamba kubaguliwa kwa uzito kuliambatana na ongezeko la karibu asilimia 60 la hatari ya kufa, hata baada ya kuuweka kando uzito wenyewe.

Njia moja ya madhara hayo ni rahisi kuielewa: mtu aliyeumizwa hospitali haendi hospitali. Mama anayejua kwamba kikohozi, jino na uvimbe wa titi vyote vitajibiwa kwa "punguza mwili kwanza" huchelewa kwenda, na saratani haimsubiri. Mwaka 2018 familia moja ya Victoria, Canada, iliandika katika tangazo la msiba wa ndugu yao ujumbe aliouacha mwenyewe. Alikuwa ametafuta msaada wa madaktari kwa miaka, akarudishwa na ushauri wa kupungua, na saratani iligunduliwa siku chache tu kabla ya kifo chake. Aliwausia wanawake wenye miili kama yake waitetee afya yao, wasikubali kwamba unene ndilo tatizo pekee.

Afrika Mashariki na miili yake

Msomaji anaweza kudhani hayo ni ya Wazungu, kwamba kwetu unene ni neema. Historia inampa haki kiasi. Mwishoni mwa mwaka 1861 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, katika Kagera ya leo, kwa Mfalme Rumanika, akakuta wanawake wa nyumba ya mfalme wakinyweshwa maziwa ili wanenepe, kwa kuwa unene wao ulikuwa heshima. Speke alichukua kipimo akampima mmoja wao mkono, kifua na paja, kisha akavichapisha vipimo hivyo kwenye kitabu chake. Watu wa Karagwe waliona uzuri, mgeni akaona ajabu ya kupimwa. Hadi leo mtu akirudi kijijini akiwa amenenepa, huambiwa amependeza, mjini kumemkubali.

Kisha ukaja UKIMWI. Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wa Rakai waliuita ugonjwa huo "Slim" kwa jinsi ulivyowakondesha wagonjwa, na mwaka 1985 jina hilo likaingia katika jarida la kitabibu la Lancet. Tangu hapo kukonda kukawa kesi mtaani. Wapo hadi leo wagonjwa wa kisukari wanaoogopa kupungua, wasije wakanyooshewa vidole. Mwanafunzi wa udaktari wa Dar es Salaam, Kampala au Nairobi asiyejua hofu hiyo atamwita mgonjwa mkaidi, kumbe mgonjwa analinda jina lake.

Wakati huohuo miili yetu inabadilika upesi. Utafiti wa kitaifa wa afya nchini Kenya wa mwaka 2014 ulikuta theluthi moja ya wanawake wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Ule wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 45. Tanzania, utafiti wa mwaka 2015 hadi 2016 uliwakuta asilimia 28 ya wanawake. Hao ndio watakaojaa kliniki za wanafunzi wanaosoma leo. Na vijana hao wanasoma vitabu vilevile vya Ulaya na Marekani, wanaona picha zilezile kwenye simu zao, na sifa ya zamani ya unene inawatoka kabla hawajafundishwa heshima mpya ya kuishika.

Tunayo, hata hivyo, elimu ambayo wengine hawana. Hakuna haja ya kumweleza Mswahili unyanyapaa ni nini. Tuliujua kwa UKIMWI. Tuliona watu wakifa nyumbani kwa kuogopa macho ya wauguzi. Tukajifunza kwamba dawa peke yake haitoshi kama mlango wa kliniki unatisha. Kenya ilitunga sheria mwaka 2006 na Tanzania mwaka 2008, zote zikikataza kuwabagua wanaoishi na virusi. Wahudumu wakafundishwa usiri, ushauri nasaha na lugha isiyoumiza. Kazi haijakwisha, lakini aliyekuwa muuguzi miaka ya 1990 anajua tumetoka wapi. Somo hilohilo linasubiri kuhamishiwa kwenye mizani.

Yanayoweza kufundishwa

Vyuo vianze na sababu. Susan Persky na mwenzake, mwaka 2011, waliwapa wanafunzi wa udaktari maelezo ya mchango wa vinasaba katika unene kabla ya kukutana na mgonjwa wa kompyuta. Dharau ilipungua. Lakini wanafunzi haohao walipunguza pia ushauri wa mazoezi na lishe, kama kwamba vinasaba vimefunga mjadala. Kwa hiyo somo lisiishie kwenye vinasaba. Limfundishe mwanafunzi kumheshimu mgonjwa na kumhudumia kikamilifu, yote mawili kwa pamoja. Kuna ushahidi kwamba athari yaweza kudumu: katika jaribio lililochapishwa mwaka 1992, wanafunzi wa udaktari waliopewa video, maelezo ya sababu za unene, na zoezi la kuigiza walikuwa bado wanawalaumu wagonjwa kidogo zaidi kuliko wenzao mwaka mmoja baadaye.

Kisha kuna mambo ya mikono. Mkanda mdogo wa kupimia presha ukifungwa mkono mkubwa hutoa namba ya juu kuliko ya kweli, na mgonjwa huweza kuanzishiwa dawa asizozihitaji. Mwanafunzi ajue kuchagua mkanda sahihi, na wodi iwe nao. Mizani ikae mahali pa faragha, uwezo wake utosheleze wagonjwa wote, na namba isitangazwe foleni nzima isikie. Viti visivyo na mikono viwepo. Vipimo vya darasani vifanywe kwa hiari, au kwa namba zilizoandaliwa.

Na kuna ulimi. Mwanafunzi wetu tayari anajua kumwamkia mgonjwa anayemzidi umri: "Shikamoo, mama." Adabu hiyo isiishie mlangoni. Baada yake na lifuate swali: "Mama, umekuja kwa tatizo gani?" Tatizo hilo litibiwe kwanza. Uzito ukiwa unahusika, aombwe ruhusa: "Ningependa tuzungumze kidogo kuhusu uzito, je, utakuwa radhi?" Akikataa, siku nyingine ipo, kwa sababu ameheshimiwa na atarudi.

Lakini hakuna somo la ukumbi litakaloshinda raundi ya asubuhi. Machi 2020 jarida la Nature Medicine lilichapisha tamko la kimataifa la wataalamu dhidi ya unyanyapaa wa unene, likiungwa mkono na taasisi zaidi ya mia moja. Tamko kama hilo litabaki karatasi ikiwa bingwa hataguswa. Wakuu wa vyuo waseme wazi kwamba mzaha juu ya mwili wa mgonjwa ni kosa la kitaaluma, liwe la mwanafunzi au la profesa. Wanafunzi wapewe njia ya kulitaja bila kuhatarisha alama zao. Na heshima kwa mgonjwa ipimwe kwenye mtihani wa vitendo kwa alama zinazoweza kumwangusha mtu, kwa kuwa mwanafunzi husoma kinachotahiniwa.

Kijana anayehitimu mwaka huu atatibu watu kwa miaka thelathini au zaidi. Katika muda huo atakutana na maelfu ya wagonjwa wanene, na kila mmoja atafika akiwa ameshajiandaa kutukanwa. Chuo kilichompa stethoskopu bila kumfunza namna ya kuwapokea watu hao hakijamaliza kumfundisha kazi yake.